Nani Aanze Kutoa Nyota

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Mke wangu ametangaza wakati wa chai. Mama yake anakuja Jumamosi. Si kutembea. Kukaa! Chumba cha wageni kiwe tupu. Nikamkumbusha kwamba chumba cha wageni ndicho bohari ya biashara yangu. Akasema biashara ni ile inayouza. Ile inayojaza chumba ina jina lake, ila hataki kulitamka asubuhi na mapema hivi.

Hukumu: vitu visipotoka, mama atalala na yeye chumbani kwetu. Mimi nitahamia bohari, kwenye sofa yenye mguu wa tofali, mpaka kitu cha mwisho kiuzwe. Mgongo wangu ni mbovu tangu enzi za ukarani. Sofa ile naijua vizuri. Ndiyo maana naiuza.

Wateja wangepatikana. Kinachonikwamisha ni beji. Kwenye mnada wa mtandaoni, mtu asiye na beji ya Muuzaji wa Kuaminika anaruhusiwa kuweka vitu vitatu tu kwa mara moja. Mwenye beji anamwaga bohari nzima. Nami nimebakiza sifa moja tu. Mteja mmoja anipe nyota tano, basi, beji yangu.

Na mteja ninaye! Anajiita Mtulivu. Alishinda mnada wa saa yangu ya ukutani, ile iliyokuwa jikoni. Ni nani, anakaa wapi, sijui. Mnada unaficha majina, msafirishaji peke yake ndiye anayepewa anwani. Saa ameipokea wiki iliyopita. Tangu hapo kimya. Hata nusu nyota.

Niandike ukweli, kwa kuwa hii shajara haisomwi na mtu. Saa ile inatembea vizuri kabisa mradi uiinamishe kidogo kushoto. Ikikaa wima inagoma. Kwenye maelezo niliandika "inatembea". Habari ya kuinamisha sikuiandika kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimekutana na Fundi Viti kwenye ngazi. Jirani, mlango unaotazamana na wetu. Anaokota viti vilivyovunjika, anavikarabati, anaviuza mnada uleule ninaouzia mimi. Ana beji. Ana nyota mpaka zinachosha kusoma. "Muuzaji mpole." "Muuzaji ana utu." "Kiti kimefika na barua ya shukrani." Barua! Kwa kiti!

Nikajitia hamnazo, nikamuuliza tu kwa mbali: kwa adabu za mnadani, nani anatakiwa kuanza kutoa nyota, muuzaji au mnunuzi? Akasema yeye huanza. Mteja akishalipa, anampa nyota zake palepale na neno la ahsante. Kitu kikiwa na kasoro, anamwambia kabla hajakiona.

Nikamweleza siasa ya jambo hili, taratibu, kama kwa mtoto. Nyota ikishatolewa hairudi. Ukianza wewe, umekabidhi silaha yako. Mwenzako akikupa nyota moja, utamfanya nini? Akasema hutamfanya kitu, kwani mlikuwa vitani? Kisha akaomba radhi, gundi yake ilikuwa inakauka.

Mtu mwema sana. Simpendi.

Jioni mama mkwe amepiga simu. Anataka kujua kama chumba chake kina msumari ukutani, kuna kitu anataka kutundika. Mke wangu akamjibu kwamba mkwe wake ataupigilia. Mkwe mwenyewe alikuwa amejikunja nyuma ya kabati akitafuta mfuniko wa birika.

Jumatano, 5 Machi

Muda wa kutoa nyota kwa ile saa unaisha Jumapili. Lazima Mtulivu achokozwe, lakini kwa ustaarabu. Asubuhi nzima nimetunga ujumbe. Wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Wa pili ulinuka njaa. Wa tatu nikautuma: nilitaka tu kujua kama mzigo ulifika salama.

Jibu likaja saa ya chakula. "Ulifika."

Basi! Neno moja! Nimelisoma neno lile mpaka limepoteza maana. Mtu aliyeridhika angesema ulifika salama. Mtu aliyekasirika angesema ulifika lakini. Huyu amesema ulifika, akaweka nukta. Nikampima: huyu ni mjanja. Anangoja mimi nianze. Yupo mahali fulani amekaa, amekunja mikono, ananingoja.

Sawa. Nami nikakunja mikono.

Mke wangu akaniuliza kwa nini nimekaa hivyo ilhali nimeombwa kushusha feni juu ya kabati. Nikamwambia niko kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata akili! Sifa si lazima itoke kwa Mtulivu. Inahitajika sifa ya mteja yeyote. Nikafungua jina jipya, Mteja Mkweli, kwa namba ya simu ya zamani. Kisha Mteja Mkweli akaingia mnadani na kutaka lile birika langu la umeme.

Hakuna mwingine aliyelitaka. Hilo lilinichoma kidogo. Hata hivyo ushindi ni ushindi.

Nilichosahau ni msafirishaji. Sheria ya mnada: bila msafirishaji kuthibitisha, hakuna nyota. Akaja kijana wa pikipiki, akachukua birika kwangu. Akatazama anwani ya mpokeaji. Akatazama namba ya mlango. Akaniuliza kama mpokeaji ni ndugu yangu. Nikasema tunafahamiana. Akauliza kwa nini nisimpelekee mwenyewe. Nikasema hatuelewani vizuri. Akanipa pole, akaondoka nalo, kwa sababu mzigo lazima upite kwanza kituoni kwao.

Ijumaa, 7 Machi

Birika limerudi. Nimelipia kwenda na kurudi. Kijana alinisihi nipatane na ndugu yangu, maisha mafupi. Mfuniko umepotea njiani, au sikuwa nimeuweka.

Nikajipa nyota tano. Na maneno! Nilikuwa nimejiwekea maneno mazuri ajabu. Muuzaji huyu ni nadra. Muuzaji huyu angekuwa daktari tungepona sote. Kusema kweli nilitokwa na machozi kidogo. Miaka yote ya ukarani hakuna aliyewahi kuniandikia namna ile.

Sifa ikakaa hewani muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha mnada ukaifuta. Eti mnunuzi na muuzaji wana anwani moja. Nimepewa onyo, na Mteja Mkweli amefungiwa maisha. Nilipotoka kutupa takataka nikamkuta Fundi Viti anafunga kiti chake kwenye katoni. Akaniuliza kama nimekwisha kumwandikia mteja wangu ahsante. Nikamwambia anipishe.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Yote haya ni kwa ajili ya Mtulivu! Laiti angetoa nyota kama mtu aliyelelewa. Nikafungua ukurasa wake nikampa vidonge vyake. Nyota moja. Nikaandika: "Mnunuzi huyu hana shukrani. Anapokea mzigo anakaa kimya. Inaonekana mama yake hakumfundisha adabu."

Nikabonyeza. Nikapumua. Baadaye nikakumbuka kwamba ile ndiyo iliyokuwa silaha yangu pekee.

Jumamosi, 8 Machi

Amefika. Sanduku moja, mkoba mmoja, na kitu bapa kilichofungwa kwa khanga, ambacho hakutaka nikibebe.

Bohari haikutoka. Mama mkwe alisimama mlangoni akaangalia makabati, feni, mashine ya kushonea, na sofa. Akasema pole, mwanangu. Sikujua ananipa pole ya nini, lakini nilishukuru; wiki nzima hakuna mwingine aliyeniambia hivyo isipokuwa kijana wa pikipiki.

Basi ikawa kama ilivyohukumiwa. Yeye chumbani kwetu, mimi bohari. Nikapigilia msumari juu ya kitanda chake. Chetu. Cha zamani.

Akafungua khanga.

Saa yangu.

Ilikuwa ni ile ile, na lile doa la mafuta pembeni. Mama mkwe akasema ameinunua mnadani, kwa simu. Siku hizi ananunua vitu kwa simu, na kule anajiita Mtulivu. Sura ya saa ilimvutia, akahisi amewahi kuiona mahali. Ila haitembei. Akaitundika wima, akasogea nyuma kuitazama, akasema si kitu, itapamba ukuta.

Mke wangu aliiangalia saa. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena saa, ambayo alipikia chini yake miaka yote ya ndoa yetu. Akasema anakwenda kuangalia chungu.

Na mimi, Mungu wangu, kwa mazoea tu, nilipokuwa napita na nyundo, nikanyoosha kidole nikaisukuma kushoto.

Tik, tik, tik.

Mama mkwe akatoa macho. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema ni bahati. Akasema bahati gani, huo ni ufundi. Kumbe binti yake ameolewa na fundi na hajawahi kumwambia. Jikoni kuna kitu kilianguka.

Baadaye mke wangu aliniita pembeni. Akasema yeye hajaona kitu. Akasema pia kwamba mtu ambaye mkewe hajaona kitu huosha vyombo. Nimeosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Mgongo umekufa. Lile tofali limesogea nikiwa usingizini.

Baada ya chakula mama mkwe akaniita. Miwani yake hairuhusu herufi ndogo. Kuna jambo anataka nimwandikie kule mnadani, kwa kuwa leo ndiyo siku ya mwisho, na anasikia mimi ni mtu wa biashara.

Akanieleza. Alikuwa na nyota tano za yule muuzaji wa saa. Tano! Saa haikutembea, ndiyo, lakini ilifika ikiwa imefungwa vizuri, na aliona pengine ni mtu mwenye shida zake. Alikuwa anangoja tu muuzaji aanze. Kwake yeye ndiyo adabu: aliyepokea fedha ashukuru kwanza. Angeandika hata mstari mmoja wa ahsante, angezipata siku ileile.

Kumbe badala ya ahsante, akasema, nimtazamie alichoandikiwa Ijumaa. Akanipa simu. Akataka nisome kwa sauti, na binti yake asikie. Nikasoma. Nilipofika kwenye mama yake hakumfundisha adabu, sauti ikanikatika. Mama mkwe akanishika mkono. Akamwambia binti yake atazame, mumewe ana huruma mpaka analia. Mama yake mzazi, akasema, alimfulia khanga kwa mkono mpaka alipozikwa, na leo anatukanwa na mtu anayeuza saa mbovu.

Hapo niliona haya. Naandika hivyo hivyo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na kama mke wangu asingekuwepo ningesema yote. Lakini alikuwepo, kaegemea mlango na kitambaa cha vyombo begani. Basi nikauliza tuandike nini.

Akatamka, nikaandika. Kwamba saa ilikuwa mbovu na muuzaji alijua. Kwamba mkwe wake, ambaye hata si fundi wa saa, ameitengeneza kwa kidole kimoja, na muuzaji alishindwa kuandika hata hilo. Kwamba mtu wa namna hii asikabidhiwe hata chumvi. Nyota moja.

Nikamsihi mbili, kwa kuwa saa sasa inatembea. Akasema inatembea kwa jitihada zangu, si zake. Nikasema tumwonee huruma, huenda ana familia. Akasema anaihurumia sana hiyo familia. Mke wangu akaitikia kweli, mama.

Kidole changu mwenyewe kilibonyeza. Palepale simu yangu ikatetemeka mfukoni. Sikuhitaji kuitazama. Beji imekwenda.

Mama mkwe amekwenda kujinyoosha. Nami nimekaa hapa juu ya sofa, kati ya feni na mashine ya kushonea, na hakuna kitakachotoka humu karibuni. Nimeisoma ile sifa yangu mpya. Nimeisoma tena. Imeandikwa vizuri, siwezi kukataa, ina mpangilio. Mtu yeyote akiisoma atanidhania tapeli! Eti muuzaji alijua. Ana ushahidi gani?

Mnada unaruhusu kujibu. Mtu hawezi kupakwa matope akanyamaza. Nimeandika: "Mnunuzi huyu anatia chumvi. Saa ilikuwa nzima. Mkwe wake amemdanganya, na kama ndiye mshauri wake, pole yake." Nimetuma. Kwa mara ya kwanza wiki hii mgongo umelegea.

Simu imelia upande wa pili wa ukuta.

Mama mkwe ananiita. Njoo haraka, mwanangu, yule mshenzi amejibu, na sasa amekugusa wewe.

Naenda. Nimekwisha pata jibu la kumwandikia, kali kweli kweli. Atajuta.