Mkwe Wangu na Perege wa Hodhini

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimekuwa mkulima. Na mfugaji. Vyote katika hodhi moja.

Ni hodhi la kuogea, lile refu ambalo wageni hujinyoosha ndani. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi mapokezi, kule Diani, imefungwa ikarabatiwe, na vitu vya zamani vikatupwa nje. Wenzangu walichukua viti. Mimi nikachukua hodhi. Limefika kwetu Mwabungo juu ya mkokoteni, watu wakitoka majumbani kulitazama.

Nimemweleza mke wangu, Hanifa. Samaki wanakaa hodhini, wanachafua maji. Pampu inayapandisha maji yale hadi kwenye mabeseni ya kokoto zilizopandwa mchicha. Mchicha unakula uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Samaki anaulisha mchicha, mchicha unamwogesha samaki. Nimeona yote kwenye video. Nikamuuliza Hanifa: sasa hapo mimi nabakiwa na kazi gani? Akasema swali hilo amekuwa akijiuliza tangu hoteli ifungwe.

Jumatatu, 7 Julai

Mama yake Hanifa amewasili kutoka kisiwani Wasini. Bi Mwanaima. Ana ukungu machoni na amekuja kwa ajili ya kliniki Msambweni. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia vizuri, akanywa chai, kisha akaingia kwenye jambo lake. Shutu, kaka yake Hanifa, ana boti ya kutembeza watalii. Anahitaji mtu. Tuhamie Wasini.

Mimi hutapika boti ikiwa bado imefungwa kamba. Hilo sijamwambia mtu wa Wasini, na hasa mkwe.

"Luqman mwanangu," akasema, kwa upole ule unaonitisha, "hapa huna kazi. Kule kazi ipo. Tatizo ni lipi?"

Nikamwambia kazi ninayo, nikampeleka uani. Akatumbukiza mkono hodhini, akapapasa, akauliza samaki wako wapi. Nikasema wako njiani. Basi tukapatana. Akila samaki na mboga za uani kwangu kabla hajarudi kwao wiki ijayo, habari ya Wasini hataitaja tena. Asipokula, tunafunga mizigo.

Hanifa alikuwa anakuna nazi. Aliacha kukuna.

Jumatano, 9 Julai

Nimeleta perege. Nimewatoa kwa Bwana Tsofa, mwenye mabwawa njia ya Msambweni. Alinishauri nianze na samaki wachache, wadogo, na ningoje kama mwezi kokoto zizoee maji. Mwezi mzima. Nikamwambia mkwe wangu hana mwezi. Akanipa pole ya mgonjwa, akasema Mungu atamjalia. Nikaona aibu kumsahihisha. Nikachukua wakubwa, wote walioingia kwenye madumu.

Jirani yangu Elphas alichungulia juu ya ua. Huyu ni mtu wa Vihiga, hutunza bustani za hoteli, na nyumbani kwake hupanda sukuma wiki kwenye magunia. "Boss, hao ni wengi kwa hiyo maji," akasema. Nikamjibu kwamba maji ni yangu.

Saa ya alasiri nimemkuta mlangoni kwangu, amemletea mkwe wangu fungu la sukuma wiki. Alimwamkia shikamoo kama mtu anayesoma kibao cha duka. Mama akafurahi mno. Akaniambia kijana yule ana adabu na mboga zake ni laini. Zikapikwa. Kula nimekula, lakini bila raha.

Ijumaa, 11 Julai

Mchicha umekuwa wa manjano. Nimekaa nikafikiri. Mchicha unataka uchafu zaidi. Uchafu unatoka kwa samaki. Samaki huchafua akila. Hesabu nyepesi kabisa. Nikawapa ugali uliolala, mahamri, na mbaazi zilizokuwa zimekusudiwa chai ya asubuhi.

Kufikia jioni maji yamekuwa uji. Yananuka. Perege wote wako juu, midomo wazi. Mama akauliza mbona wanafanya "pwa pwa pwa" namna ile. Nikamwambia wamemzoea, wanamsemesha. Akasogeza kigoda, akawajibu salamu, akawauliza habari za nyumbani.

Elphas alipita akiwa ameziba pua kwa shati. Ametia chumvi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka mapema kwenda Ukunda kutafuta pampu kubwa. Niliporudi nikakuta povu. Povu mabesenini, povu hodhini, povu hadi kwenye miguu ya kuku.

Mama alikuwa amekaa katikati yake, mikono imelowa, uso unang'aa. Alikuta kokoto zina utelezi, akaona mkwe wake anahangaika peke yake, heri amsaidie. Amezitoa mojamoja, akazisugua kwa sabuni ya unga, akazirudisha. Kisha akanywesha mchicha maji yaliyobaki.

Perege walikuwa wamelala chali, wote. Kwa macho yake yale, ule weupe wao ulikuwa ni povu jingine tu.

"Nimekusaidia, mwanangu?" akaniuliza.

Nimejulikana mapokezi kwa kuwa na jibu la kila mgeni. Leo nilitazama hodhi, nikatazama uso wake. Mwisho nikasema, "Umenisaidia sana, mama." Nikamshika mkono nikampeleka ndani ili asikanyage utelezi.

Elphas aliniomba wale maiti awazike chini ya sukuma wiki zake. Ati ni mbolea nzuri. Nikampa, kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Aliondoka na karai akipiga mluzi. Samaki wangu wanaenda kunenepesha mboga zake, na mboga hizo zitarudi kwenye meza yangu.

Jumapili, 13 Julai

Nilipata wazo wakati nikipiga mswaki. Mama amewasemesha samaki, lakini hajawaona sawasawa. Samaki ni samaki.

Nikashuka pwani kwa wavuvi. Kitsao, mmoja wao, alikuwa na tafi hai ndani ya ndoo. Tafi ni wa baharini, najua. Ndiyo maana nilimwaga maji yote ya hodhi, nikajaza ya kisima, nikatia chumvi ya jikoni. Kitsao alinionya kwamba tafi wana miiba yenye sumu, nisiwashike. Nikamwambia nimezaliwa hapahapa.

Nyumbani nikamshika wa kwanza nimtie hodhini.

Sitaandika nilichosema. Nilianguka pembeni ya hodhi. Mkono ukavimba kama andazi. Mama akatoka haraka akishika ukuta. Nikamwambia perege ameniuma.

Aliinama. Aliuchukua mkono wangu, akaupapasa polepole, akafika palipotobolewa. Akamwita Hanifa alete maji ya moto, ya kuvumilika tu. Akauzamisha mkono wangu na kuushikilia mle hadi maumivu yakaanza kulegea.

"Perege hachomi hivi," akasema. "Huyu tafi alikuja kwa miguu?"

Hapo nikasema yote. Ugali, mbaazi, Elphas na karai. Ya sabuni nilitaka kuyaruka, lakini Hanifa alikuwa ananitazama. Nikayasema pia, taratibu. Na ya kutapika botini nikayasema, maana mkono ulikuwa bado kwake.

Mama aliufuta mkono wangu kwa kanga yake. Kisha akasema boti ya Shutu ina watu wa kutosha. Hakuwa anatafuta mtu wa boti. Dawa yake ya macho ni ya matone, na kule kwake, Shutu akiwa baharini kutwa, hakuna wa kumtilia. Huwa anainamisha kichwa na kujaribu mwenyewe, dawa inaishia mashavuni. Aliona haya kumwambia binti yake arudi kwa ajili ya matone, akatafuta sababu yenye heshima.

Hanifa alilia. Mimi nilisema ni mkono unaniuma.

Wale tafi tumewala jioni, wa nazi, na sukuma wiki za Elphas. Elphas tumemwita. Amekula kuliko wote.

Jumanne, 15 Julai

Mama anabaki. Si kwa wiki, anabaki. Shutu ataleta sanduku lake. Mama amesema nyumba yenye mimi ndani haimwachii Hanifa nafasi ya kumtunza mtu mwingine, kwa hiyo heri wasaidiane. Dawa namtilia mimi, asubuhi na jioni. Ananisifu mkono wangu hautetemeki.

Nimepitia kwa utulivu mambo yote yaliyotokea, nione kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Kosa lilikuwa samaki. Kitu chenye mdomo kina matatizo mengi.

Uyoga hauna mdomo. Kuna mama mmoja kwenye video anavuna makapu kwa makapu. Anasema unataka giza, joto na unyevu, na anayeanza awe msikivu. Hapo pa usikivu niliirusha video mbele.

Chini ya kitanda cha Mama pana giza na joto. Unyevu ndio haupo. Kesho Hanifa anampeleka kliniki, nami nitabaki na mpira wa maji. Nitawaambia wote wawili uyoga ukishaota.