Glavu Jozi Nne, Mikono Miwili

Kwako Bwana Meneja wa Kiwanda,

Salamu zikukute mzima, mimi ni mzima pia, ila sijatulia. Ni hilo tangazo ulilobandika juu ya sinki langu: kila kazi na glavu yake, na asiyevaa zinazotakiwa anahamishiwa stoo ya magunia. Mimi ndiye mwosha vyombo wako wa kantini, mwaka wa kumi na tisa huu, pale dirishani wanapopita watu wote. Ugomvi sina, mwanangu, ila nina haya:

1. Za mpira za kuoshea, nene za sufuria ya moto, ndefu za dawa ya kuzibulia sinki, nyembamba za kugawia mkate. Jozi nne! Mungu kanipa mikono miwili. Juzi karani kaja dirishani na habari ya mlinzi na yule mjane. Nageuka kubadili glavu, habari imeisha. Ikabidi mwisho wake nijitungie mwenyewe. Mlinzi hanisalimii mpaka leo.

2. Sufuria ya supu ina moto, tena ina maji. Nivae zipi? Mtunza stoo kaniambia nitumie akili. Nikaitumia: nikavaa nene, juu yake za mpira. Mikono ikawa kama ya bondia. Sahani kumi na moja, Bwana Meneja, chini! Mwenyewe nililia.

3. Mikono imelainika. Mama mkwe kanishika tu, kaguna, kaenda kumwambia mwanawe kwamba kazini siendi, naenda kupiga soga. Sasa ndoa inayumba. Na mke asiye na amani vyombo vyake havitakati, na sahani isiyotakata itaharisha kiwanda kizima. Huoni tunakoelekea?

Kwa hiyo hilo tangazo naomba ulibandue. Miaka yote hiyo mikono mitupu, sijapata hata lengelenge. Na stoo usinipeleke, baba. Kule nitaongea na nani, panya?

Nisalimie mkeo, dereva wako, na karani, mwambie ile habari nyingine namsubiri nayo.

Ni mimi mama yako wa dirishani,
Mama Sinki

Nimesahau: mwandiko usamehe, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia una bendeji. Jana nilikuwa nawaonyesha wenzangu kwamba sufuria inashikika bila glavu. Zile nene naomba jozi mbili, moja ya mama mkwe, kazipenda. Nitavaa hata zote nne kwa mpigo, ila dirishani sitoki.