Mkono wa Kushoto wa Sweta ya Mzee Okurut

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimemwambia Apolot kwamba sweta ya babake nitaifuma mwenyewe. Mdomo huponza kichwa. Lakini ningefanyaje? Mzee Okurut hukohoa kila alfajiri akifungulia ng'ombe kule kijijini Kwapa, ng'ambo ya mpaka, Uganda, na ameapa hatamtoa bintiye kwa mwanamume anayenunua kila kitu dukani. Kufuma sijui. Kevo, fundi wa sweta hapa sokoni Busia, anajua. Tena anapenda samaki, na mimi ndio nauza.

Alhamisi, 5 Juni
Tumepatana. Samaki kutoka kwangu, ngege wa ziwani Majanji, na sweta kutoka kwake. Mkono wa kushoto nitaufuma mimi, ili nikiulizwa niape bila dhambi. Mimi ni Mkristo. Kevo akanifundisha: unaanza mwembamba kwenye kifundo, kisha kila baada ya mistari sita unaongeza kitanzi kimoja kila upande. Unainua uzi ulio katikati ya vitanzi viwili, unauzungusha, ndipo unaufuma. Usipouzungusha, unaacha tundu. Anaongea kama mhubiri. Nikamwambia nilielewa zamani.

Jumanne, 10 Juni
Mistari sita! Nani ana muda huo? Naongeza kila mstari. Kuzungusha uzi nako kunachelewesha, nimeacha. Matundu yapo, lakini hata mzee anahitaji hewa. Nimefika kwenye kiwiko na mkono umepanuka hadi kuku anaingia. Nimejaribu. Aliingia. Kevo alipouona alicheka mpaka akaketi chini. Wivu tu.

Jumapili, 15 Juni
Kijijini Kwapa, baada ya ibada. Nilimchukua Kevo anibebee kreti ya soda. Mzee akavaa. Mkono wa kulia ulimkaa sawasawa. Wa kushoto ulifagia uwanja. Akauinua, akanichungulia kupitia tundu. "Mkono hii nani alitengeneza?" Nikasema mimi. Na wa kulia? Mimi pia, siku niliyokuwa na nafasi. Akaleta sindano za marehemu mkewe, akaniomba niongeze kitanzi kimoja tu mbele yake. Nikaongeza. Tundu. Apolot akaangalia pembeni, na hilo liliniuma kweli. Kisha sindano akapewa Kevo, mbeba soda! Yeye akazungusha uzi, tundu halikuonekana. Akakaribishwa mezani. Mimi nikabaki nje kulinda kreti.

Jumamosi, 21 Juni
Mambo yamenyooka. Apolot sasa anavuka mpaka kila siku kuja kibandani kwa Kevo, ajifunze kufuma. Bila shaka anataka kunisaidia tukishaoana. Leo Kevo ameniomba samaki wakubwa, maana wazee wake kesho wanakwenda kwa Mzee Okurut kupeleka posa. Posa ya nani hakusema, ana haya sana. Rafiki wa kweli, ananitangulia kuniombea. Nimemchagulia wanono, bure. Jioni nimeanza kumfumia Apolot gauni la harusi. Naongeza kila mstari.