Kompyuta Iliyorahisishwa Kupita Kiasi

Kwa Bwana Fundi wa Kompyuta,
ambaye pia ni mtoto wa kaka yangu,

YAH: OMBI LA KUIFANYA KOMPYUTA YANGU IWE NGUMU TENA

Baada ya salamu, natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, ila heshima yangu iko mahututi, na aliyeiambukiza ugonjwa ni wewe. Naandika kwa kalamu, maana kalamu haisomi kwa sauti.

Mwezi uliopita nilikwambia sioni maandishi ya kompyuta. Ukaja na begi lako, ukashinda kutwa nzima ukinirahisishia. Asante. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na minne, naujua wema unaoleta matatizo baada ya miezi tisa. Wako haukungoja hata wiki tatu.

1. Herufi. Umezikuza mpaka moja inajaza kisahani cha chai. Fundi cherehani wa ng'ambo ya uchochoro anazisoma bila kuinuka kwenye kiti chake. Jumatatu nilikuwa namwandikia mdogo wangu habari za mtaa, nikasikia dirishani: "Mkunga! Munafiki haina u!" Kwa tahajia alikuwa sahihi. Kilichoniuma ni kwamba neno lilikuwa linamhusu yeye.

2. Huyo mwanamke uliyemtia humo ndani anisomee barua. Hana haya, wala hachungulii kwanza nani yuko sebuleni. Sasa inabidi nikueleze, na ukitangaza nitakukana: kuna mpima ardhi mstaafu, aliyefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume, tunaandikiana tangu mwaka jana. Jumatano wifi yangu, dada wa marehemu, amekaa hapa na chai yake, barua ikaingia. Yule mwanamke akatangaza kama taarifa ya habari: "Mpenzi, nikikuwaza hata magoti huacha kuuma."

Wifi akatua kikombe. "Mpenzi ndiyo nini?"

"Dawa ya magoti, wifi. Wanaitangaza."

Akayapapasa magoti yake.

3. Neno la siri ulilifuta, eti nitalisahau. Badala yake ukaweka kitufe chekundu kama tofali: BONYEZA, SEMA, JIBU. Leo asubuhi nimekwenda sokoni. Wifi, ambaye hajagusa kompyuta tangu azaliwe, ameingia, amebonyeza, amesema: "Nimechoka kuteseka. Njoo kesho saa nne, na chupa mbili." Kisha akaenda zake; maneno yake nimeyakuta yameandikwa humo. Mpima ardhi amejibu ndani ya dakika tano kwamba anakuja. Ungekuwa wewe ungekataa?

4. La nne sina. Matatu yamenitosha.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima na taadhima: rudisha herufi za sisimizi, mzibe mdomo huyo mwanamke, weka neno la siri ambalo hata mimi nisilijue. Kompyuta ikiwa rahisi kwa mzee, ni rahisi na kwa wifi yake. Miaka sita naitwa mke wa marehemu, na mwenye kulilinda jina hilo ni yeye. Nampenda. Akilijua hili kesho mlangoni, mgeni akifika, sijui nitaweka wapi uso.

Nisalimie wazazi wako, watoto, na jirani zenu wote ambao bado wana siri.

Ni mimi, mrahisishiwa,
Shangazi yako

N.B. Barua imechelewa kuondoka. Leo ni Jumapili. Jana saa nne kamili alikuja, na chupa mbili za sharubati. Wifi ndiye aliyemfungulia. Alinusa chupa, akamtazama mgeni, akanitazama mimi na gauni langu la harusi za watu, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe dawa yenyewe ina miguu!" Kisha akanishika mkono, akasema miaka sita yatosha, kaka yake hakuwa na wivu kiasi hicho.

Basi usiguse kitu. Ila mpima ardhi atakuomba umkuzie herufi kwenye kompyuta yake. Jifanye hujui. Nilimwandikia nina miaka 68, yeye akasoma 63, nami sina tabia ya kumsahihisha mtu wa vipimo.