Michikichi Iliyoota Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Godoro limelowa upande wa kichwa. Nimeligeuza, sasa litalowa upande wa miguu.

Nyapara ametukusanya mbele ya mizani akiwa amevaa shati la kola, nikajua kuna msiba. Kasema nchi za ng'ambo zinazonunua mawese yetu zimetunga sheria. Mafuta yaliyotoka kwenye msitu uliofyekwa miaka hii ya karibuni hayatashushwa bandarini kwao. Wakaguzi wanakuja. Likipatikana shamba moja la namna hiyo, kiwanda kizima kinakosa soko.

Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Maana ng'ambo ya kijito, nyuma ya safu ya mwisho ya kampuni, nina shamba langu. Kipande tu. Nilikifyeka mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, watu wakiwa wamelala. Michikichi imeanza kuzaa. Mikungu yake naichanganya na ya kampuni kando ya njia, nalipwa kwa kila mkungu; lori halina macho. Mke wangu, kule nyumbani, ameshawatangazia majirani kwamba mumewe ni mwenye shamba. Nilitoka nyumbani na begi moja, nikaapa sitarudi na begi lilelile. Shamba hili ndilo begi la pili.

Jumanne, 4 Machi

Nyapara tunamwita Bwana Mstari. Makuti tunayopogoa lazima yalazwe kwa mstari, vichwa upande mmoja. Chini ya kila mti lazima pafyekwe duara safi, tunaliita sahani, ili chikichi zikidondoka zionekane. Sahani ikiwa chafu, siku yako imekufa, hulipwi. Nimeishi hivi miaka mpaka naota nafagia.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Anakoroma kama mashine ya kusaga, na akiamka anatoa mawaidha. Leo kateuliwa kuwabebea wakaguzi fimbo yao ya kupimia. Kapewa na kofia mpya. Amelala nayo.

Kanishauri kindugu niende kwa wakaguzi mwenyewe, nikaseme. Mficha uchi hazai, shem, akasema. Nikamjibu kuzaa nilishamwachia dada yake. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa.

Sheria inakataza kukata msitu na kupanda. Haiukatazi mchikichi kuota wenyewe. Ndege kala tunda, karuka, kadondosha mbegu. Kosa la nani hapo? Atakayemshitaki ndege nimwone.

Kinachotakiwa ni shamba lifanane na pori. Magugu, matawi, kamba za mwitu huku na huku. Kazi ya uzembe. Kama kuna kazi nimezaliwa nayo ni hii.

Nimemweleza shemeji. Kauliza kama ndege hao wana namba za kazi. Wivu huo. Kofia imempanda kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Kutwa nzima shambani, naharibu. Asubuhi nimeburuta matawi kutoka msituni. Hayakutosha, nikaangusha miti miwili mitatu nipate mengine. Lazima pori lionekane pori. Nimezungusha kamba za mwitu kwenye vigogo, nimerundika matawi.

Mchana nimepumzika. Kuamka, naona mkungu umeiva. Ya nini uoze? Nikaukata, na makuti ya chini nikayapogoa, maana hayapendezi yakining'inia. Sikumbuki vizuri nilifanya nini tena mpaka jioni. Mikono ilikuwa inajiendea. Nimerudi kambini nimechoka, na ile raha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.



Jumatano, 12 Machi

Mkaguzi mkuu ni mama wa makamo, buti za mpira, sauti ya muuguzi. Asubuhi karusha kidude kinachovuma kama nyuki, akakitazama kwenye kioo, akaelekea kijitoni moja kwa moja. Nyapara nyuma, shemeji na fimbo, na mimi nikajitolea kuonyesha njia. Sikutumwa na mtu.

Tulipofika nikawahi. Nikamwambia mama, hii imeota yenyewe, ni ndege tu.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akauliza, kwa upole, kama ndege wa huku wanavuta kamba kabla ya kudondosha mbegu, maana miti imenyooka kila upande. Nikasema ndege wanatofautiana.

Akagusa kisiki. Bado kilikuwa kinatoa utomvu. Akauliza na shoka wanalishikaje. Kisha akasogeza tawi moja kwa mguu. Chini yake, sahani. Safi, imefagiliwa. Akasogeza la pili, sahani. Na katikati ya safu, makuti yamelazwa kwa mstari, vichwa upande mmoja. Niliyalaza mimi. Jumapili. Kwa mikono hii.

Nyapara akazunguka taratibu, akakohoa, akasema katika eneo lake lote hajawahi kuona shamba lililotunzwa hivi. Alikuwa karibu kulia. Kisha akakumbuka tuko wapi, akaniangalia.

Shemeji alivua kofia yake, akaiangalia.

Jumamosi, 15 Machi

Mawese yetu yamekataliwa. Ya kiwanda kizima, si yangu peke yangu. Mikungu inaoza uani, harufu inaingia mpaka kwenye chai. Mashine zimenyamaza. Sikujua kambi ina wadudu wengi hivi wa kusikika.

Salamu zangu haziitikiwi. Mama mmoja wa kuokota chikichi kanisimamisha bombani. Hakunitukana. Kaniuliza tu, baba, wanangu niwaambie nini? Kwa hilo sikuwa na ndege.

Shemeji kafunga mizigo. Nilimwomba akamwambie dada yake shamba limechukuliwa na mafuriko. Kasema atamwambia limeruka. Nimerudi chumbani nikakuta kaniachia kofia juu ya godoro, pale panapolowa. Hakuna anayekoroma. Silali.

Jumapili, 23 Machi

Adhabu yangu: kung'oa michikichi yote na kupanda miti ya msitu. Msitu ukirudi, huenda na wanunuzi wakarudi. Nimeing'oa mmoja mmoja. Sitaki kuandika habari hiyo.

Mama mkaguzi kapita kuona miche niliyopanda. Kasema msitu haupandwi kwa mstari, ndugu yangu, tawanya. Nikatawanya. Alipoondoka nikainyoosha kidogo.

Lakini kaacha neno. Miche ya msitu ni adimu; kampuni itanunua ya mtu yeyote atakayeiotesha, mingi iwezekanavyo. Hakuna hata mmoja kambini aliyeng'amua maana yake. Wote wamekaa wanaomboleza.

Kitalu cha miche kinataka maji na jua. Nyuma ya kilima kuna chemchemi, udongo mweusi, hapajaguswa. Tatizo ni jua tu, miti mikubwa imeziba.

Nimenoa panga. Nimempelekea mke wangu salamu, awaambie majirani kwamba sasa mumewe ni mtu wa kuokoa misitu.

Kamba ya kunyooshea safu ninayo.