Kuhusu Wapanda Baiskeli Wanaopita Matale Bila Mzigo

Maige Magese,
Mwenyekiti wa Kitongoji cha Matale,
Kata ya Migato, Itilima.
Alhamisi.

Kwa Ndugu Gilbert Danford,
Meneja, Kampuni ya Changarawe na Vilima,
Bariadi.

YAH: OMBI LA KUIHAMISHA NJIA YA BAISKELI KABLA MAMA YANGU HAJAFARIKI

Ndugu Meneja,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na baiskeli zako. Sisi huku tu wazima kiasi, isipokuwa mama yangu mzazi, Mayu Nyanjige, mwenye miaka tisini na kitu, ambaye tangu mwezi uliopita hali chakula vizuri na miguu imemvimba. Nakutajia ugonjwa wake mapema kwa sababu ndio ulionifanya nishike kalamu. Nikikasirika huko mbele, unisamehe, ila ujue ni yeye ninayemhangaikia.

Kila Jumamosi kampuni yako inaleta wageni kutoka Bariadi, wanapanda vilima vyetu kwa baiskeli, wanakatiza katikati ya Matale, halafu wanageuza kurudi bila kugusa kitongoji cha Mwashimba kilicho ng'ambo ya mto. Ramani yenu nimeiona kwenye simu ya binti Goodness, kiongozi wa msafara. Tumepigwa mstari wa kijani na hakuna aliyetuuliza. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, kama tulivyofundishwa kwenye semina ya wenyeviti.

1. Wageni wako hawabebi kitu. Huku kwetu baiskeli hupanda kilima ikiwa na gunia la pamba, madumu ya maji, mgonjwa, mbuzi, au mke. Asiye na mzigo huenda taratibu, anasalimia kila mji, yaani kila kaya, anaulizwa ya nyumbani, anajibu. Mtu akipita mbio, hana mzigo, uso ameukunja kama anayetaka kulia, na salamu hatoi, huyo ana maana moja tu: amebeba taarifa ya msiba. Mleta msiba hasalimii mtu mpaka amfikie mwenyekiti. Simu tunazo, usije ukadhani hatuna. Lakini msiba kwetu hauletwi kwa simu, maana simu hata mlevi anaweza kupiga.

Sasa Jumamosi ya kwanza walipita wanane. Wanane, Ndugu Meneja! Tukajua huko walikotoka wamekwisha. Kitongoji kizima tukaweka majembe chini, kwa kuwa hakuna anayelima wakati kuna maiti haijazikwa, na wakati huo majani yalikuwa yameshaizidi pamba. Rhoda, mke wangu, akasonga ugali wa watu arobaini. Jirani yetu Evalina akaanza kumlilia kaka yake wa Maswa, kwa kuhisi tu, kwa sababu kaka huyo anakunywa sana. Alimlilia siku mbili. Jumatatu kaka akatokea mwenyewe kwa miguu yake, akakuta mbuzi aliyemwachia dada yake ameshaliwa kwenye matanga yake. Mpaka leo hawasemeshani.

2. Jumamosi ya pili tukajifanya wajanja. Nikatangaza kwamba yeyote atakayepita mbio bila mzigo apuuzwe, watu waendelee kupalilia. Nilitangaza mimi, kwa mdomo wangu. Asubuhi hiyohiyo akaja Mhoja wa Mwashimba, mbio, bila mzigo, bila salamu. Evalina alimpungia mkono na kumwuliza zimebaki kilomita ngapi. Mhoja akanifuata mpaka ukingoni mwa shamba langu, akasimama. Taarifa ya msiba hupokelewa kwa mwenyekiti kuweka jembe chini, ndipo mletaji afungue mdomo. Mimi sikuliweka. Nilimwambia safari njema bila hata kuinua kichwa. Akasimama muda mrefu, akageuka, akaondoka.

Aliyefariki alikuwa Mzee Zengo, ambaye tumekuwa tukiazima ng'ombe wake wa kulimia kwa miaka ishirini. Tulijua kesho yake, wakati ameshazikwa. Kutoka Matale hakwenda hata mtu mmoja.

3. Hili ndilo kubwa. Mwashimba walikaa kikao wakatutoza faini ya dume la ng'ombe. Tukalipa. Wakalila, halafu wakatutenga vilevile. Kisimani hawatuitikii, na wametamka mbele ya watu kwamba hawatakanyaga kwenye msiba wetu wowote. Wewe uko mjini, labda huoni uzito wake. Matale tuna kaya kumi na moja. Vijana wetu wako Lamadi kwenye samaki, wengine migodini. Tumebaki wanaume wanne, na mdogo kuliko wote ni mimi mwenye miaka sitini na tatu. Ardhi yetu ni mwamba. Kaburi hapa halichimbwi na wazee wanne. Tangu nazaliwa, makaburi yetu yamechimbwa na Mwashimba na yao tumechimba sisi.

Mama anayajua haya. Kila asubuhi ananiuliza kama nimeshapatana nao. Nikisema bado, anageukia ukutani na kusema basi atasubiri. Ndugu Meneja, mwanamke wa miaka tisini anaahirisha kufa kwa sababu ya ratiba yako. Hili linaniuma na sijui niliseme namna gani nyingine.

4. Mgonjwa anachekeshwa kupita kiasi. Siku za Jumamosi analazimisha kitanda chake kisogezwe mlangoni ili awaone wakipanda. Ni walewale wanane kila wiki, na amewapa majina wote. Kuna mmoja mnene anayekuja mwisho siku zote, mama anasema huyo siku moja atafia kwenye kilima chetu na Mwashimba watalazimika kuja, angalau kutazama. Anacheka mpaka anakohoa. Kisha anakula. Siku nyingine hali, Jumamosi anakula, na sioni hiyo ni tiba ya namna gani.

5. Historia. Goodness huwasimamisha pale mwambani juu, mbali na miji, akawaeleza kwamba mtemi alijificha humo wakati wa Wajerumani. Lile lilikuwa zizi la mbuzi la babu yangu. Nilipomfuata kumsahihisha alinijibu kwa heshima kabisa kwamba hakuna mtu atakayepanda kilima chote kile kwa ajili ya mbuzi.

6. Barabara. Tumeomba greda miaka tisa. Mwaka huu nilipokwenda kuuliza, aliyenipokea, simtaji, alisema barabara yetu haitaguswa tena kwa kuwa ubovu wake umekuwa kivutio. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunavunjika migongo kwenye kivutio.

Kwa hayo, naomba mambo yafuatayo. Kwanza, kila mgeni abebe kitu kinachoonekana, hata nusu debe la michembe, vile viazi vikavu, tujue kwao hakuna aliyekufa. Pili, wasalimie. Kama wanahema sana, nitaridhika na mwangaluka moja kwa wote wanane. Tatu, kama hayo ni mazito kwa kampuni, basi njia ihamishwe ipitie Mwashimba. Ipite huko wakati wa palizi, mara tatu kwa siku ikiwezekana, mpaka nao wazoee, wapuuze, na wakose msiba wetu mmoja mdogo. Hapo tutawatoza dume, tutalila, tutakuwa sawasawa, na mama yangu atazikwa na watu. Nimetafuta njia yenye heshima zaidi kuliko hii nikaikosa.

Nisalimie Goodness, mwambie sina kinyongo. Nisalimie familia yako, mafundi wa baiskeli, na wageni wote, hata yule mnene. Rhoda anakusalimu, Evalina anakusalimu, kaka yake hakusalimu.

Wabeja sana.

Wako katika ujirani ambao hatukuuomba,
Maige Magese

N.B. Leo ni Jumapili. Barua hii ilikuwa inamsubiri Rhoda, aende nayo Bariadi kesho.

Mama amefariki Ijumaa mchana. Hakusubiri. Nilikwenda Mwashimba mimi mwenyewe kwa baiskeli, nikasimama ukingoni mwa shamba la mwenyekiti wao. Aliendelea kulima, na sina haki ya kumlaumu.

Jumamosi tulianza kuchimba alfajiri, wazee wanne. Kufikia saa nne kaburi lilikuwa linafika magotini na mmoja wetu ameshakaa chini, hawezi tena. Wageni wako wakatokea. Sikuwatazama, sikuwa na hamu nao. Nikasikia Goodness anawaambia kitu, kisha baiskeli zinalazwa kwenye majani. Salamu hawakutoa. Yule mnene alishuka shimoni akanitoa sururu mkononi bila kuniomba. Walichimba wote mpaka saa tisa, kwa zamu, na vile viatu vyao vinavyoteleza kwenye mwamba. Mikono iliwatoka malengelenge, wakafunga vitambaa, wakaendelea. Wakamshusha pamoja nasi. Rhoda aliwasongea ugali wakala wakiwa wamekaa chini kama watu wengine wa msiba.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu usiyahesabu. Nimekosa nguvu ya kuandika upya. Njia isihamishwe. Waje Jumamosi, wapite mbio wanavyotaka, na wasibebe kitu.

Ila nina ombi moja, na hili ni la kweli. Kwetu aliyekuchimbia kaburi ni mtu wa kitongoji chako, na kitongoji hakikosi kwenye msiba wa mtu wake. Nimeshawaeleza watu wangu na wamekubali. Naomba unitumie majina yao wote wanane, na miji wanayokaa, ili siku mmoja wao akifariki tujue pa kwenda na majembe.