Daftari Lisilosomeka

Jumatatu, 4 Agosti

Tarehe nimeisikia redioni. Kalenda iko ukutani, lakini tangu kile kiharusi kidogo cha mwezi uliopita haina faida kwangu. Ni madoa. Gazeti, madoa. Msahafu, madoa, na huo ndio ulioniliza. Ulimi umepona, mkono umepona, naandika kama zamani. Kusoma ndiko kumeondoka. Hata hiki ninachokiandika, nikiinua kalamu nikakitazama, sikijui.

Muuguzi Praxeda wa kliniki alinieleza. Macho ni mazima, maneno yamo kichwani, njia kati yao ndiyo imekatika. Kama bomba la mtaa wetu: maji yapo tangini, jikoni hayafiki. Akasema kidole kina njia yake. Nifuatishe herufi kwa kidole, moja moja. Mimi! Katibu wa kamati ya maziko ya mtaa kwa miaka kumi na tisa, nipapase karatasi mbele ya watu kama mtoto wa chuoni anayeanza Kurani? Nimekataa.

Hakuna anayejua. Tausi, mke wangu, nimemwambia ni presha tu. Akijua yeye atajua Uweso, katibu msaidizi, anayekitamani kiti changu tangu siku nilipokikalia. Kikienda kiti, sijui nitakuwa nani. Mzee wa kukaa barazani akingoja kuzikwa na wenzake.

Afadhali daftari hili. Siri zangu humu ni salama. Naliacha wazi mezani, kando ya kopo la biskuti. Nani atalisoma? Mimi niliyeliandika nimeshindwa!

Jumanne, 5 Agosti

Kikao. Katibu husoma muhtasari wa kikao kilichopita. Mpango ulikuwa mzuri: muhtasari niliuandika kwa mkono wangu, naukumbuka neno kwa neno, nafungua kitabu, natiririka. Nikaongeza hila ya pili kwa usalama. Nikasema miwani imevunjika, mnisamehe nikikwama. Kosa! Uweso akavua yake akanivisha. Akawaambia wajumbe namba zetu ni moja, tulipimwa siku moja.

Nikatiririka. Ajenda ya kwanza hadi ya tano, sikukosea neno. Nilipokaa, Uweso akaninong'oneza kwamba ukurasa niliokuwa nimeufungua ni orodha ya masufuria. Nikamjibu katibu mzoefu hahitaji ukurasa. Akanitazama sana. Simpendi mtu anayetazama hivyo.

Tausi kauliza kikao kilikuwaje. Shwari, nikasema.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu. Picha ya Hafsa wa Moa, dada yake Yasini. Yasini alikuwa mwanachama wetu, akarudi kwao Moa akiwa hoi kwa maradhi. Ujumbe mrefu, madoa matupu. Ningempa Tausi anisomee, yangekwisha. Lakini mimi nina akili! Nikampigia Hafsa nimchimbe.

Nikasema nimeupata ujumbe wako, umenigusa. Akajibu kwa sauti ya machozi kwamba imekuwa ghafla, lakini Mungu amependa. Shughuli ni kesho baada ya Alasiri. Watu watakuwa wengi, kamati ikija na mikeka na masufuria watashukuru. Nikamwambia wawe na subira. Akasema haya, ahsante.

Maskini Yasini! Wamemzika bila kutuita, wametualika kisomo cha hitima tu. Nimelia kweli. Hapakuwa na mtu hodari wa kuchimba kaburi kama yeye. Baada ya Adhuhuri nikatangaza msiba msikitini, bila karatasi, sauti ikikatika panapostahili. Uweso mwenyewe alipangusa macho. Nikajisikia katibu tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikwenda Moa na magari mawili. Masufuria manne, mikeka, wazee na tasbihi zao. Kina mama walianza kulia njiani. Tulipokaribia tukasikia ngoma. Nikasema jirani huyu hana adabu. Uweso akashuka wa kwanza, anasema innalillahi, na aliyetoka kumpokea ni Yasini. Kanzu mpya. Kilemba. Amenenepa! Kapona, na anaoa.

Kina mama walikuwa wameshaangua kilio mlangoni kwa bibi harusi. Mama yake akazirai. Alipozinduka akauliza ni nani aliyeleta kilio siku ya ndoa ya mwanawe. Watu wote wakanigeukia. Akasema mtu kama huyo si wa kugombana naye, ni wa kusomewa halbadiri tu, kisomo cha laana kimfuate popote alipo.

Hafsa akatoa simu, akausoma ujumbe wake kwa sauti. Neno harusi limo mara tatu. Uweso akaniuliza polepole kama niliusoma. Nikasema niliusoma kwa haraka.

Pilau lilinukia vizuri. Niliondoka bila kulionja.

Ijumaa, 8 Agosti

Kamati imekaa baada ya sala. Nilitarajia kufukuzwa. Uweso akasimama, akasema ana ombi: katibu abaki, aendelee kuandika, yeye Uweso awe anasoma. Ati kila mtu na kipaji chake. Nusu ya ukatibu! Huruma ya Uweso! Nikawaambia sikai nusu kiti, nikatoka. Hakuna aliyenifuata. Miaka kumi na tisa, na viatu vyangu nikavitafuta mwenyewe mlangoni.

Jioni nimerudi nyumbani nikamkuta Uweso anaaga. Alikuwa na Tausi, mezani. Walizungumza nini, Tausi hasemi. Ameniuliza tu kama nina la kumwambia. Sina, nikasema.

Jumamosi, 9 Agosti

Kuna mstari daftarini si wangu! Wino mwekundu, herufi kubwa, zimeachanishwa. Kalamu nyekundu humu ndani ni ya Tausi, ya kuandikia jina kwenye vifuniko vya mabakuli yake. Lakini Tausi ana haja gani na daftari langu?

Nimefunga mlango. Nimeweka kidole, Mungu anisamehe, kama mtoto wa chuoni. N. Nikarudia. I. Jasho. T. Nimechukua nusu saa. N-I-T-A-K-U-S-O-M-E-A. Nitakusomea.

Nimesoma! Neno zima! Nimepiga makofi peke yangu chumbani na machozi yakanitoka. Kisha maana ikaniingia. Nitakusomea! Ni Uweso. Jana alikaa pale pale mezani. Kiti nimemwachia na bado hakikumtosha, sasa anataka kunisomea halbadiri!

Tausi akagonga. Akauliza, taratibu, kama nimeona kitu daftarini. Nikasema sikuona chochote. Akasema haya, mume wangu, akarudi jikoni. Macho yake mekundu. Nimemwambia mara ngapi asinunue mkaa mbichi.

Daftari nalihamisha. Nalificha kabatini, nyuma ya mabakuli ya Tausi. Huko Uweso hafiki.

Na mpango ninao. Nitamwahi. Naazima kitabu cha halbadiri leo hii, nimsomee yeye kwanza. Kazi ni kusoma. Nahitaji mtu wa kunisomea, mtu wa siri, asiyenicheka. Nimewaza tangu asubuhi. Sina hata mmoja.